Nywila Isiishe Tarehe 20

Simu ilinikuta kwenye kivuko, tumeshaiacha Mwanza nyuma tunaelekea Kamanga.

"Dada, mafaili yote yamekataa kufunguka. Na leo ni tarehe ishirini."

Aliyepiga ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi ambako nilikuwa nimefanya kazi Jumamosi iliyotangulia. Kwa asiyefanya biashara hapa nchini, tarehe 20 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT ya mwezi uliopita. Mauzo yao yote yako kwenye folda moja, folda iko kwenye kompyuta moja iliyokaa stoo nyuma ya mabati, wenyewe wanaiita seva, na asubuhi ile seva ilikuwa imewafungia mlango wote kwa mpigo.

Kosa lilikuwa langu. Bosi wao alikuwa amesikia mahali kwamba nywila lazima zibadilishwe kila baada ya miezi mitatu, akanikazania. Nikaandika amri moja kwenye ile seva, nywila ziishe kila siku 90, nikafunga begi nikapanda bodaboda. Nilichosahau ni kwamba Windows haianzi kuhesabu siku ile unayoweka sera. Inahesabu tangu siku nywila yenyewe ilipowekwa mara ya mwisho. Za pale zilikuwa na miaka mitatu. Kwa hiyo sekunde nilipobonyeza Enter zote zilikuwa zimeshaisha muda, ila hakuna aliyejua mpaka Jumatatu kompyuta zilipowashwa upya.

Nikamwelekeza bosi kwa simu, herufi kwa herufi, upepo wa ziwa ukimeza nusu ya maneno. "Slashi ipi mama, ya kuangukia mbele au ya nyuma?" Ya mbele, mzee. Akaandika:

net accounts /maxpwage:unlimited

Mafaili yakafunguka kabla hatujatia gati. Ritani iliwahi. Mimi nilirudi wiki iliyofuata kuifanya kazi upya, bila malipo, na ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyafanya safari hiyo ya pili na ninayoyafanya kila ofisi tangu hapo.

Kwanza namuuliza mwenye biashara: unataka nywila ziishe kwa sababu gani? Mara nyingi jibu ni "ndiyo usalama." Ushauri wa siku 90 ulienea sana kutokana na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulioandikwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwandishi wake, Bill Burr, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya alichoandika. Mwaka huohuo NIST ikashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda tu, na toleo la 2025 limekaza zaidi: linakataza, isipokuwa pale penye ushahidi kwamba nywila imevuja. Microsoft nao waliliondoa sharti hilo kwenye mapendekezo yao ya usalama wa Windows mwaka 2019.

Sababu yake unaiona ukikaa kaunta nusu saa. Karani anayelazimishwa kubadilisha kila mara hatungi nywila mpya, anaongeza namba. Sangara1 inakuwa Sangara2. Shabiki wa Yanga ana Yanga1935, akibanwa anaweka Yanga1935!, akibanwa tena anaongeza alama ya pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walilipima jambo hili mwaka 2010 kwa maelfu ya akaunti za zamani: ukiijua nywila iliyopita, kwa akaunti 17 kati ya kila 100 unaipata mpya kabla hujamaliza kubahatisha mara tano. Asiyeongeza namba anaandika nywila kwenye kalenda ya ukutani, na kalenda yenyewe inatazamana na wateja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nywila ife kwa tukio. Kalenda naiweka kama wavu wa chini, wa kunasa kilichosahaulika, na naiweka mwaka mzima. Wako wasio na hiari. Anayepokea malipo ya kadi, kwa mfano, kanuni za PCI DSS zinataka siku 90 pale nywila inapokuwa kinga pekee, na wengine wana mkataba na mfadhili au benki unaotaja idadi ya siku. Hao wafuate mkataba wao. Hatua ni zilezile, inabadilika namba tu.

Nilijaribu siku 180 kabla ya kutua kwenye mwaka. Ina mtego. Siku 180 si miezi sita. Aliyebadilisha tarehe 24 Januari anaangukia 23 Julai, kisha 19 Januari, na kesho yake ni VAT. Kila mzunguko unarudi nyuma siku chache mpaka ukugonge pabaya. Siku 365 zinamrudisha mtu palepale alipoanzia.

Basi tuanze. Nachukulia ofisi ya kawaida ya huku: kompyuta tano au nane, hakuna seva halisi, kila moja ina Windows yake na mojawapo ndiyo imebeba folda ya wote. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri, Command Prompt, kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator", kisha usibadilishe chochote. Soma tu.

net accounts
net user
net user karani1

Ya kwanza inakuonyesha sera iliyopo. Ya pili inaorodhesha akaunti. Ya tatu inamweleza mtu mmoja, na hapo tafuta mistari miwili: "Password last set" na "Password expires". Nakili tarehe kwenye daftari, akaunti moja moja, kompyuta moja moja. Mimi nina daftari la mistari la shule kwa kila mteja. Ningelifungua Jumamosi ile, nisingepigiwa simu kwenye kivuko.

Usishangae ukikuta wengine wana "Never". Akaunti inaweza kuwekewa alama ya kutoisha kabisa, na alama hiyo inaishinda sera yoyote utakayoweka. Upande mwingine, akaunti iliyoundwa kwa amri ya net user, kama hakuna aliyegusa mipangilio, inaisha siku ya 42. Ndiyo maana unasikia ofisi fulani "mtandao ulikufa wenyewe" mwezi na nusu baada ya fundi kuondoka.

Ukiwa na orodha, tenga watu na mashine. Hapa ndipo pa kutulia. Skana inayotuma nyaraka kwenye folda inatumia akaunti. Programu ya mauzo ina akaunti. Bekapu ya usiku ina akaunti. Hizi hazisomi onyo la "nywila yako inaisha baada ya siku tano", zinaacha tu kufanya kazi, na bekapu ikiacha kufanya kazi hakuna anayejua mpaka siku inapohitajika. Kila mashine naipa akaunti yake, nywila ndefu ya ovyo ovyo ya herufi ishirini na kitu ambayo hakuna binadamu atakayeiandika kila siku, ruhusa ya folda moja tu, na naifanya isiishe, kwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

Set-LocalUser -Name skana -PasswordNeverExpires $true

Kuna kundi la tatu ambalo ndilo lililonimaliza: akaunti za watu zilizo kwenye ile kompyuta ya folda. Karani anakaa kwenye kompyuta yake ya kaunta, lakini ili afungue folda ya stoo anatumia akaunti nyingine iliyo kule stoo. Hakai mbele ya ile mashine, kwa hiyo onyo halioni kamwe. Siku ikifika anakataliwa tu. Katika mtandao wa namna hii, akaunti za folda naziwekea alama ya kutoisha, nazibadilisha kwa mkono wangu nikija, na nywila yake naihifadhi kwenye "Credential Manager", sehemu ya Windows inayotunza nywila, ya kompyuta ya karani. Yeye haijui wala haimhusu. Anayoijua ni ya kuingilia kwenye kompyuta yake, na hiyo ndiyo inayofuata kalenda. Ukibadilisha ya folda kumbuka kuibadilisha na humo ndani ya Credential Manager, la sivyo kompyuta itaendelea kutuma ya zamani kimyakimya, na ukiwa umeweka sera ya kufunga akaunti itaifunga.

Sasa, kabla ya kuwasha kalenda, watu wabadilishe nywila zao. Si wote siku moja. Wawili leo, wawili kesho, kwa sababu tarehe ya leo ndiyo itakayokuwa tarehe yao mwakani, na hutaki ofisi nzima isahau nywila mpya asubuhi moja. Chagua wiki iliyopoa. Kwa wengi ni kati ya tarehe 22 na 27: VAT imeshapita, mishahara bado, na PAYE ya tarehe 7 iko mbali. Kwa mteja wangu mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, nafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wengi wanapumzika na mzigo unapungua, ndipo ofisini kuna mtu mwenye nafasi ya kunisikiliza.

Kutunga nywila kunahitaji dakika kumi za kukaa na mtu. Nawaambia wachague maneno manne yasiyojuana, wayaunganishe: furu, mkeka, betri, jumanne. Yaandike pamoja na una herufi ishirini na moja unazozikumbuka. (Na hayo ya mfano usiyatumie, umeshayasoma hapa.) Methali hazifai. "Harakaharakahainabaraka" ni ndefu kweli, lakini kila aliyesoma darasa la tatu anaijua yote. Mzee mmoja wa stoo alichukua majina ya Kisukuma ya ng'ombe wanne wa baba yake, ng'ombe waliokufa zamani. Sijapata kuona nywila nzuri kama ile, na hajawahi kuisahau.

Wote wakishamaliza, waondolee alama ya kutoisha kwenye akaunti zao za kuingilia:

Set-LocalUser -Name karani1 -PasswordNeverExpires $false

Rudi kwenye net user karani1 uhakikishe tarehe ya "Password last set" ni ya wiki hii. Ukiona ya mwaka juzi, simama, huyo hajabadilisha. Zote zikiwa mpya, andika:

net accounts /maxpwage:365 /minpwage:1 /minpwlen:14 /uniquepw:5

Namba ya kwanza ni siku za kuishi. Ya tatu ni urefu wa chini, na 14 ndiyo mwisho wa amri hii, huwezi kuipandisha zaidi kwa njia hii. Ya mwisho inazikumbuka nywila tano zilizopita ili mtu asirudie. Ile ya pili, siku moja, ndiyo watu wanaiacha, na bila hiyo, ile ya mwisho haina maana: nilimshuhudia karani akibadilisha nywila mara sita mfululizo ndani ya dakika tatu mpaka akarudi kwenye ileile ya mwanzo, akanitazama akacheka. Ikiwa lazima nywila ikae siku nzima kabla ya kubadilishwa tena, mchezo huo unamchosha.

Bila domeni, yaani seva inayosimamia akaunti za ofisi nzima, amri hii inashika kwenye kompyuta uliyoiandikia tu. Zunguka zote. Ndiyo, na ile ya bosi. Hasa ya bosi.

Ongeza na hii, inayofunga akaunti kwa dakika 15 mtu akikosea mara kumi:

net accounts /lockoutthreshold:10 /lockoutduration:15 /lockoutwindow:15

Wengine wanaweka mara tatu. Mikono ya watu wanaoshika saruji na misumari siku nzima inakosea mara tatu bila shida. Kumi inatosha kumchosha mbahatishaji.

Onyo la kabla ya kuisha kwa kawaida linakuja siku tano kabla. Mtu akisafiri msibani Ukerewe siku tano zimeshapita. Fungua secpol.msc, ingia "Local Policies", kisha "Security Options", tafuta "Interactive logon: Prompt user to change password before expiration", weka 14. Windows za toleo la Home hazina secpol, ila amri za net accounts zinakubali humo. Kwa hao naandika tarehe kwenye daftari na kuwapigia simu.

Penye seva halisi yenye domeni, kazi inapungua. Unafungua Group Policy Management, unahariri "Default Domain Policy", unashuka Computer Configuration, Policies, Windows Settings, Security Settings, Account Policies, Password Policy, na namba zilezile unaziandika mara moja kwa ofisi nzima. Utaikuta imeandikwa siku 42, ndivyo inavyokuja. Mafundi wengi wanatengeneza sera mpya na kuining'iniza kwenye kitengo kimoja, tuseme uhasibu, wakitarajia wahasibu peke yao wabanwe. Haifanyi hivyo. Kwa akaunti za domeni inayosikilizwa ni ile iliyowekwa kwenye domeni yenyewe. Ile ya kwenye kitengo inagusa akaunti za ndani za kompyuta zilizomo tu. Ukimaliza, gpupdate /force, kisha net accounts /domain kuona kama imeshika. Na tarehe za zamani zinauma vilevile huku, kwa hiyo zisome kwanza, kwa PowerShell:

Get-ADUser -Filter * -Properties PasswordLastSet,PasswordNeverExpires | Select Name,PasswordLastSet,PasswordNeverExpires

Jambo moja ambalo sijaliona kwenye miongozo ya watu wa mbali, pengine umeme wao haukatiki. Kompyuta zetu nyingi ni za mtumba, na kile kibetri kidogo cha ndani, CR2032, kimeshakufa. Umeme ukikatika ukarudi, saa ya kompyuta inarudi miaka kadhaa nyuma. Karani akibadilisha nywila wakati huo, inaandikwa kwamba iliwekwa mwaka ule. Baadaye intaneti inarudi, saa inajirekebisha, na nywila ya dakika kumi inahesabika ina umri wa miaka. Imeisha palepale. Kwenye domeni ni tatizo la aina nyingine: saa zikipishana zaidi ya dakika tano watu hawaingii kabisa, nywila iwe sahihi au isiwe. Kabla ya kuwasha sera yoyote ya ukomo nunua vibetri, badilisha, kisha angalia saa. Mimi sifungui begi bila vitano mfukoni.

Ya kalenda yameisha. Ya matukio ndiyo yanayolinda biashara, na hayahitaji ujuzi, yanahitaji mtu aliyepewa jukumu. Mfanyakazi akiondoka, kwa heri au kwa shari, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo kabla hajakabidhi funguo:

net user karani2 /active:no

Usiifute, mafaili yake yanaweza kuleta usumbufu ukitaka kuyafungua. Na nywila yoyote aliyokuwa akiijua pamoja na wengine inabadilishwa: Wi-Fi, ruta, barua pepe ya ofisi. Wi-Fi haina kalenda ya ukomo, kwa hiyo kama hukuibadilisha yule kijana wa mwaka juzi bado anakaa nje kwenye pikipiki anapakua mpira kwa bando lako. Laptopu ikiibiwa, vivyo hivyo. Mtu akitajiana nywila na mwenzake kwa sababu alikuwa anaumwa na kazi ilikuwa ya haraka, hakuna wa kufokewa, akirudi abadilishe. Windows inaweza kumlazimisha mara atakapoingia, mradi akaunti haina alama ya kutoisha:

net user karani1 /logonpasswordchg:yes

Na fundi akimaliza kazi. Mimi nikiondoka naijua nywila ya msimamizi wa mashine zako zote. Nikiwa mlangoni namwomba mwenye biashara aweke mpya nisiyoijua, aiandike kwenye karatasi, aitie kwenye bahasha, aifungie kwenye sefu au kasiki ya mauzo. Wengi wanaona aibu, wanasema "sisi tunakuamini mama." Aminini, lakini badilisheni, siku kitu kikipotea sitaki jina langu liwe kwenye orodha ya wanaojua.

Kwa barua pepe za Microsoft 365, ukikuta mtu aliweka ukomo huko, utauona kwenye mipangilio ya shirika, sehemu ya usalama. Naiacha isiishe na nawasha uthibitisho wa hatua mbili kwa simu. Hiyo ina nguvu kuliko kalenda yoyote.

Usiondoke siku uliyowasha sera. Rudi asubuhi inayofuata kabla ya saa mbili, zima kompyuta zote uziwashe upya, kisha simama kaunta uone kila mtu anaingia. Mwombe karani afungue folda ya stoo. Skani karatasi moja uone kama imefika. Fungua folda ya bekapu uangalie faili la usiku wa kuamkia leo lina tarehe ya leo. Duka lile la vifaa vya ujenzi nilipolirudia, kila kitu kilipita isipokuwa skana: niliandika nywila yake kwenye seva nikasahau kuiandika kwenye skana yenyewe. Ilikuwa tarehe 24, hakuna aliyepiga simu.